Nyota na Taa za Takawiri

Karibu kila mwongozo wa kupiga picha za michirizi ya nyota huanza na agizo lile lile: itafute Nyota ya Kaskazini, ielekezee kamera, usubiri. Miongozo hiyo mingi imeandikwa na watu wa Ulaya na Marekani, na huko kwao agizo lina maana. Nyota hiyo iko juu angani, haisogei kwa kiasi cha kuonekana, na nyingine zote huizunguka usiku kucha. Kamera ikikaa wazi kwa muda wa saa kadhaa hutoa duara ndani ya duara, na katikati nukta moja iliyotulia. Hiyo ndiyo picha ya kwenye kalenda, na ndiyo inayomjia mtu akilini akisikia habari za michirizi ya nyota.

Takawiri agizo hilo halifai kitu. Kisiwa hiki kidogo cha Kaunti ya Homa Bay kiko katika Ziwa Viktoria, kati ya Rusinga na Mfangano, takriban nusu digrii tu kusini mwa ikweta. Nyota ya Kaskazini hapa imelala pale maji yanapokutana na anga, ndani ya ukungu wa ziwa, na jicho haliioni. Ncha ya kusini ya mbingu imelala vivyo hivyo upande wa pili. Ukitazama mashariki, vituo viwili vinavyozungukwa na anga lote viko chini, kimoja kushoto kwako na kingine kulia, na juu ya kichwa hakuna kilichosimama. Kila nyota hupanda, kila nyota hushuka. Hakuna iliyopewa nafasi ya kukaa juu usiku wote, wala hakuna iliyonyimwa zamu: zote hukaa juu ya upeo takriban saa 12, kisha zikazama.

Mtu wa Nairobi au wa Kisumu huliona jambo hili kuwa la kawaida kwa kuwa amezaliwa chini yake. Si la kawaida. Mkazi wa London hajawahi kuiona Salibu, zile nyota nne za kusini, akiwa kwao. Mkazi wa Cape Town naye hajawahi kuliona jembe lote la Dubu Mkubwa likiwa juu ya nyumba yake. Mwanzoni mwa Mei, mnamo saa nne usiku, ukisimama kwenye mchanga wa Takawiri unaziona zote mbili kwa pamoja, moja kaskazini na nyingine kusini, zikiwa karibu kimo kimoja kutoka majini. Hakuna sehemu ya mbingu iliyofichwa kwa watu wa ikweta. Nadhani hatujalishukuru jambo hilo inavyostahili.

Kwa mpiga picha, maana yake ni kwamba picha ya hapa haifanani na ile ya kalenda. Elekeza kamera mashariki, kwenye maji, na michirizi iliyo katikati itapanda wima, imenyooka, kutoka ziwani hadi utosini. Ile ya kushoto itapinda polepole kuelekea kaskazini, ya kulia itapinda kuelekea kusini. Ndipo unapouona mgawanyiko wa dunia kwa macho yako, pasipo ramani. Na ukitaka kuujua mstari ulionyooka kuliko yote, ufuate mkanda wa Jabari, zile nyota tatu zilizojipanga. Ya kwanza kuchomoza kati ya hizo, Mintaka, iko karibu kabisa na ikweta ya mbingu. Mwishoni mwa Januari, mnamo saa nne usiku, inapita juu ya Takawiri kwa kiasi cha kwamba mtu aliyelala chali anaweza kusema imo utosini mwake naye asiwe amekosea hata kwa upana wa mwezi mpevu.

Nyota, bila shaka, haziendi popote. Anayekwenda ni huyo aliyelala chali. Dunia hujizungusha digrii 15 kila saa, na kwa kuwa ikweta ndiyo sehemu pana kuliko zote, mtu wa Takawiri anabebwa kuelekea mashariki kwa mwendo wa zaidi ya mita 460 kila sekunde, kwa saa moja kilomita 1,670 hivi. Mwendo huu si wa vitabuni tu. Ni sababu mojawapo iliyowafanya Waitaliano kuweka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi: chombo kinachorushwa kutoka ikweta kwenda mashariki huondoka kikiwa tayari na kasi hiyo mfukoni. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, ilirushwa kutoka hapo setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa kazi ya kutafuta vyanzo vya eksirei angani, nayo ikaitwa Uhuru. Msukumo uliokisaidia chombo kile kupanda ndio huu huu unaoinyoosha nuru ya Mintaka kuwa mstari kwenye kamera ya kijana aliyekaa ufuoni.

Namna ya kuipata picha yenyewe ni rahisi kueleza. Kamera huwekwa juu ya stendi ya miguu mitatu isiyotikisika, lenzi ni ile pana, umbali umewekwa kwenye nyota angavu na kufungwa hapo. Zamani, enzi za filamu, watu waliiacha kamera wazi kwa muda wote. Siku hizi kamera ya dijitali ikiachwa wazi kwa muda mrefu hupata joto na picha hujaa vijidoti, kwa hiyo hupigwa picha nyingi za sekunde 30 mfululizo, pasipo nafasi kati ya moja na nyingine, la sivyo mstari hukatika. Muda wa saa mbili ni picha 240. Baadaye programu ya kompyuta huzipanga zote juu ya nyingine na kukagua pikseli moja moja, ikiuliza swali moja tu: katika picha hizi zote, ni ipi iliyong'aa zaidi mahali hapa? Jibu huhifadhiwa, mengine hutupwa.

Kanuni hiyo ina uzito kuliko inavyoonekana. Maana yake ni kwamba katika picha ya michirizi giza halina kumbukumbu. Jambo lolote lililowaka, hata kwa nusu dakika, litabaki. Tochi ya mama aliyetoka nje mara moja itabaki. Radi iliyopiga nyuma ya Mfangano itabaki. Setilaiti zinazopita kwa makundi tangu Starlink ilipoanza kurushwa mwaka 2019 zitabaki, zikiikata michirizi ya nyota kwa mshazari. Na Takawiri, zaidi ya vyote hivyo, zitabaki taa za omena.

Asiyelijua ziwa hili hana budi kuelezwa. Omena, ambaye Watanzania humwita dagaa na Waganda mukene, ni samaki mdogo anayekaa kilindini mchana na kupanda juu usiku. Huvuliwa kwa mwanga. Jioni mashua hutoka na taa kadhaa, kila moja ikiwekwa juu ya chelezo kidogo na kuachwa ielee majini. Wadudu huijia taa, omena hujikusanya chini yake, na baada ya muda wavuvi huzungushia wavu wa matundu madogo na kuuvuta. Kazi hii haifanyiki usiku wa mbalamwezi, kwa sababu mwezi unapoangaza ziwa zima samaki hawana haja ya kuikimbilia taa moja. Kwa hiyo mwezi ukiwa mkubwa mashua hukaa ufuoni na nyavu hushonwa. Mwezi ukitoweka, kila mwenye mashua yumo ziwani.

Usiku huo huo wa giza ndio anaoutafuta mpiga picha za nyota. Naye kalenda yake ni ya mwezi, naye hukaa nyumbani mbalamwezi ikiwaka. Hapo pana mkutano ambao hakuna aliyeupanga: anafika Takawiri akitarajia ziwa jeusi tupu, na anakuta mbele yake mamia ya taa zimetapakaa hadi upeo wa macho, mji mzima juu ya maji.

Nimewasikia wapiga picha wakilalamika. Wanasema taa zinachafua picha, zinaunguza sehemu ya chini, zinazima nyota zilizo karibu na maji. Wengine huigeuza kamera juu ili ziwa lisionekane kabisa. Wengine huzifuta taa moja moja kwenye kompyuta, na kuweka mahali pake maji meusi ambayo usiku ule hayakuwapo. Picha hutoka safi, hupendwa, hupewa jina lenye neno upweke au ukimya ndani yake. Naona kufanya hivyo ni kosa, na si kosa dogo la sanaa. Ziwa lile halikuwa na upweke. Lilikuwa kazini. Anayezifuta taa zile anamwambia mtazamaji kwamba usiku wa Takawiri ni mali ya nyota na mgeni mwenye kamera, na kwamba wenyeji walikuwa wamelala.

Jioni moja mzee aliyekuwa akipanga taa zake kwenye mashua alisimama kuniangalia nikifunga kamera.

"Nyathina," akaniita, yaani mwanangu, "unapiga nini gizani?"

"Nyota, baba. Kamera itakaa hapa muda wa saa mbili bila kusogea."

Akafikiri kidogo. "Basi utaniona nikitega, na utaniona nikivuta."

Alikuwa ameielewa picha ile kuliko wengi wanaoipiga. Kwa hakika ndivyo inavyotokea. Ikuze picha iliyokwisha kupangwa na utazame sehemu ya chini. Taa iliyotegwa haikai nukta moja. Mawimbi huipeleka huku na huko, na kwa muda wa saa mbili inachora fundo nene la mwanga, pana au jembamba kadiri ya upepo wa usiku huo. Kisha kutoka kwenye fundo hutokea uzi mwembamba unaokwenda pembeni: hapo wavu umekwisha kufungwa, taa imebebwa, mashua inahamia mahali pengine. Uzi unafika kwenye fundo la pili. Mahali nyuzi kadhaa zinapokutana, mashua zilisogeleana. Juu yake michirizi ya nyota imepanda sawasawa, hakuna uliotangulia wala uliochelewa, kwa kipimo kimoja cha digrii 15 kwa saa. Katika karatasi moja umepata saa ya mbingu na saa ya kazi, na urefu wa mchirizi wa nyota unakuambia kamera iliitazama kazi hiyo kwa muda gani.

Rangi nazo zina habari. Kamera huona rangi za nyota vizuri kuliko jicho letu. Katika kundi la Jabari, Ibuti la Jauza huacha mstari wa rangi ya chungwa kwa kuwa halina joto kubwa, kama kelvini 3,500 hivi kwenye uso wake, na Rijili huacha mstari wa buluu kwa kuwa ina joto zaidi ya mara tatu ya hilo. Chini, taa zinaeleza historia nyingine. Kwa miaka mingi omena walivuliwa kwa karabai, taa ya mafuta ya taa yenye pampu, na mwanga wake una umanjano. Mafuta yalikula sehemu kubwa ya pato la usiku, moshi ulikuwa wa wavuvi na matone ya mafuta yalikuwa ya ziwa. Mwaka 2008 kampuni ya OSRAM ya Ujerumani ilifungua mjini Mbita kituo cha kuchaji taa kwa nguvu ya jua, katika mradi ulioitwa Umeme Kwa Wote, ili mvuvi akodi taa iliyojaa chaji badala ya kununua mafuta. Tangu hapo taa za umeme zimeenea, nyingine za mradi, nyingi zilizoundwa na mafundi wetu wenyewe kwa betri na balbu za dukani. Mwanga wake ni mweupe, unakaribia buluu ya Rijili. Mtu aliyepiga picha ufuo ule ule mwaka 2005 na kurudi leo ana ushahidi wa mabadiliko hayo pasipo kuandika neno.

Hapa nitenganishe mambo mawili, maana watu huyachanganya. Mwanga unaoharibu anga ni tatizo la kweli. Mwaka 2016 watafiti walioongozwa na Fabio Falchi walichapisha ramani ya mwanga wa usiku duniani, na ilionyesha kwamba zaidi ya theluthi moja ya wanadamu hawawezi kuiona Njia Nyeupe kutoka wanapoishi. Jambo hilo linatujia nasi: balbu kubwa iliyoelekezwa juu kwenye ukuta wa hoteli, mlingoti wa taa sokoni usio na kifuniko. Mwanga huo haumwonyeshi mtu njia, unapotelea angani. Ningependa kaunti iuwekee sheria mapema, wakati bado Njia Nyeupe inaonekana wazi visiwani. Lakini taa ya omena inatazama chini, kwenye maji, na kila saa ya chaji yake ina bei. Kuiweka katika kapu moja na taa ya mapambo ni dhuluma.

Na wanaotaka ziwa jeusi kweli wanayo miezi yao. Kanuni za uvuvi za Kenya zimeweka msimu wa kufunga omena kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai, ili samaki wazaane. Aprili na Mei ni mvua na mawingu, lakini Juni na Julai anga hufunguka mara nyingi, na kitovu cha Njia Nyeupe hupita juu usiku wa manane. Ni nyota tele na maji meusi kwa wakati mmoja. Ila anayeipiga picha hiyo ajue kwamba weusi ule una gharama, na kwamba ni miezi ambayo karo na unga vinatafutwa kwa njia nyingine.

Ugumu wa kazi hii ufuoni upo, nao si wa mtambo. Umande wa ziwa huifunika lenzi ifikapo usiku wa manane, na kitambaa kikavu ni lazima kiwe mfukoni. Siku chache baada ya mwezi kuandama, vijidudu vya ziwani hupanda kutoka majini kwa mabilioni, mawingu yanayoonekana kutoka mbali kama moshi wa nyika inayoungua, na vikifika ufuoni huifuata taa yoyote. Hapo hata mwanga mwekundu wa tochi huzimwa.

Ugumu mkubwa zaidi ni wa hali ya hewa, na huo humhusu aliye majini kuliko aliye mchangani. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko ziwa. Upepo hutoka kwenye fuo zote kwenda katikati, hewa yenye unyevu hukutana huko na kupanda, mawingu ya radi hujengeka. Ndiyo sababu dhoruba nyingi za Ziwa Viktoria hutokea usiku na alfajiri, saa zile zile za omena, na ndiyo sababu ziwa hili limezika watu wengi. Kutoka Takawiri unaiona radi ikimulika magharibi, nyuma ya mlima wa Mfangano, mbali kiasi kwamba sauti haifiki. Kwa kamera ni pambo: mwako mweupe juu ya mabega ya mlima. Kwa walioko nje ni hesabu ya dakika. Baadhi ya picha nilizo nazo zina nyuzi nyingi za taa zinazokimbilia upande mmoja kwa pamoja, kuelekea nchi kavu, na mafundo yamekatika kabla ya kunenepa. Sijawahi kuona haja ya kuziandikia maelezo mengine zaidi ya tarehe na saa.

Mfangano penyewe, katika mapango ya Kwitone na Mawanga, kuna michoro ya kale ya rangi nyekundu na nyeupe, miduara iliyo ndani ya miduara. Huhusishwa na Watwa, wawindaji walioishi huku kabla ya Waabasuba na Wajaluo, na wenyeji wa baadaye wameihusisha na kuomba mvua. Mtu aliyetoka kutazama picha ya michirizi ya nyota hushtuka akiiona, na wageni wengine hupenda kutangaza papo hapo kwamba Watwa walichora anga. Mimi siungi mkono haraka hiyo. Mwenye kukaa ikweta haoni duara kamili hata moja angani. Anaona nusu tu, iliyobaki imo chini ya upeo. Na mvua ni sababu tosha ya kupanda jabali na kuchora, kwa watu ambao maisha yao yote yaliitegemea. Inatosha kujua kwamba kisiwa cha jirani kilikuwa na watu waliojali sana umbo la duara hata wakalitafutia rangi isiyofutika.

Kuna hesabu moja niliyojifunza Takawiri ambayo haimo katika miongozo. Nyota huchomoza dakika nne mapema kila usiku. Mvuvi anapokaa ufuoni wiki mbili akingoja mbalamwezi ipungue, anaporudi majini anga limemtangulia kwa saa moja nzima. Kutoka giza hadi giza ni karibu saa mbili. Ndiyo maana mvuvi mwenye umri haulizi ni saa ngapi anapoitazama nyota ya Shira au kundi la Kilimia. Anaulinganisha usiku huu na usiku wa giza lililopita, anatoa saa mbili, anajua alfajiri iko umbali gani. Vijana wana simu, na simu ni nzuri, lakini ujuzi huu ungali katika vichwa vya watu walio hai, na haujaandikwa vya kutosha. Picha ya michirizi, ikiwa na taa chini yake, ingekuwa mahali pazuri pa kuanzia mazungumzo hayo na mzee yeyote wa ufuo: unamwonyesha usiku wake mwenyewe, naye anakuambia alikuwa wapi.

Alfajiri mashua hurudi. Kina mama wamekwisha kutandika nyavu kuukuu mchangani, omena wanamwagwa na kusambazwa wakauke jua likipanda, bei inapangwa kwa sauti. Mpiga picha naye anafunga stendi yake hapo hapo, kati ya beseni na makasia, akiwa na usingizi kama wenzake.

Basi neno langu kwa kijana mwenye kamera anayepanga kwenda visiwani giza lijalo. Panda boti Mbita mchana, si usiku, na uvae jaketi la kuokolea maisha hata kama wengine hawavai. Wasalimie viongozi wa ufuo kwanza, waeleze utakachofanya, uulize mashua zitapita wapi. Zima tochi yako. Elekeza lenzi mashariki, uyape maji theluthi moja ya fremu. Ukiipanga picha, usifute taa hata moja. Chini yake andika tarehe, saa uliyoanza na uliyomaliza, umri wa mwezi, na jina la ufuo. Utakaporudi, mpelekee nakala aliyekuwamo humo. Na mhariri atakayeipokea, tafadhali, asiikate sehemu ya chini.